Jinsi ya kuchora Gereza la Kilwa kabla maji hayajakufukuza

Mi sijasomea uchoraji popote, niseme mapema usije ukanidai cheti. Kazi yangu hapa Lindi ni kuandika, naandika mabango ya saluni na maduka ya dawa, naandika bei ukutani kwa mama ntilie, na msimu wa kukarabati vyombo naandika majina ubavuni mwa mashua, kazi ambayo naipenda kuliko zote kwa sababu mwenye chombo anakaa pembeni anakutolea macho kama vile unamwandikia mwanae jina. Ila nikipata siku mbili tatu nachukua karatasi zangu naenda kuchora magofu, na gofu nililolichora mara nyingi kuliko yote ni lile Gereza la Kilwa Kisiwani, lile jengo la mawe linalokupokea ukiwa kwenye chombo unatoka Kilwa Masoko, ule mji wa ng'ambo. Nimeliharibu mara nyingi mpaka nikajua kwanini naliharibu, ndo maana naandika hii.

Mara ya kwanza nilikaa chini kabisa ya ukuta, mchangani, nikaanza na jiwe la kwanza kushoto. Jiwe moja moja, na nyufa zake, na vinyasi vilivyoota kwenye nyufa. Nilikuwa nafurahia mwenyewe. Nikaja kushtuka maji yako kwenye begi, nahodha ananipigia kelele huko "mwanangu, unangoja nini, tutalala huku?", na mimi karatasi nzima nina mawe kama mia hivi yamechorwa vizuri sana na hamna Gereza. Mnara sijaufikia, bahari haipo, mbingu haipo. Ukimuonyesha mtu anakuuliza huu ukuta wa wapi.

Kwaiyo kitu cha kwanza na ukikisahau hiki mengine yote hayatakusaidia: chora kinachoondoka kwanza. Ukuta uko pale. Wareno walifika Kilwa 1505 wakajenga ngome yao, 1512 wakafungasha, baadaye mwanzoni mwa karne ya 19 Waomani wakajenga hili tunaloliona wakitumia na mabaki ya ile ya mwanzo. (Hata neno lenyewe gereza wataalamu wa lugha wanalirudisha kwenye Kireno, igreja, maana yake kanisa. Sijui kanisa liligeukaje jela ila ndo hivo.) Miaka yote hiyo limesimama, haliwezi kukimbia ndani ya saa zako tatu. Kinachokimbia ni maji, kivuli, na mashua iliyopita mbele. Hivyo ndo vya kukamata mwanzo, jiwe atasubiri.

Sasa tuanze na mwezi, si penseli. Angalia mwezi uko siku ya ngapi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua, maji yanatoka mbali na yanarudi kwa nguvu, tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Siku hizo kwetu pwani hii maji yanakupwa kwenye saa nne saa tano asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni, alafu kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi. Katikati ya hizo bamvua mbili kuna maji mafu, yanapanda kidogo yanashuka kidogo, hayana haraka na mtu. Hii nakwambia kwa sababu ndo inaamua utachorea wapi. Bamvua asubuhi unapata uwanja mkubwa mbele ya Gereza, unaweza kurudi nyuma mpaka jengo zima likaingia kwenye jicho lako bila kukunja shingo. Maji mafu hupati huo uwanja, lakini ndo siku nzuri za kuchorea ndani ya chombo kimetia nanga, kwa sababu hakikuzungushi sana na huamki ukakuta uko juu ya tope. Ukishindwa kuhesabu muulize mvuvi yeyote pale Masoko, hatafungua simu, atakujibu hapo hapo.

Alafu upepo na jua. Gereza linatazama ng'ambo, upande wa Masoko, yaani kaskazini hivi. Mwezi wa sita na wa saba jua letu huku linapitia upande wa kaskazini, kwaiyo ule uso unaoutazama ukiwa majini unapigwa jua na vivuli vinakaa vizuri kwenye madirisha na kona za minara, jengo linajichonga lenyewe. Ubaya ni kwamba ndo miezi ya kusi, kuna upepo, chombo kinacheza na karatasi inataka kuruka. Mwezi wa kumi na mbili upepo ni wa kaskazi na jua linapitia kusini kidogo, ule uso unabaki kivulini kutwa, unaona umbo jeusi tu na mwanga nyuma yake. Wengi wanakwambia hapo usichore. Mi nakwambia kama ndo unaanza chora hapo hapo, kwa sababu huoni mawe, na usipoona mawe hutashawishika kuyahesabu.

Vifaa usijitese. Kaunta buku inatosha kujifunzia ila karatasi yake nyepesi, ukigusa maji inajikunja kama chapati. Mi nanunua manila pale stationari, nakata vipande vinavyoenea kwenye kibao cha plaiwudi, nabana kwa vibanio vya nguo, vinne, kila kona kimoja, upepo wa kusi hauna adabu. Penseli HB moja, ya kawaida, na 4B moja, laini na nyeusi zaidi. Chonga kwa wembe usichonge kwa kichongeo, wembe unakupa ncha ndefu ambayo ukiilaza inatoa kivuli kipana na ukiisimamisha inatoa mstari. Raba kata kipande kidogo tu, zile za pinki ngumu ziache zinachubua karatasi. Na kubwa kuliko vyote, ndoo. Ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko, iliyooshwa vizuri. Mifuko ya plastiki tangu 2019 hairuhusiwi na begi la kitambaa linakunywa maji, ndoo hainywi. Ndani unaweka karatasi, simu, maji ya kunywa, mihogo yako ya kukaanga, unafunga, ukifika unaikalia ni kiti, na ikidondoka baharini inaelea. Nimecheka wazungu wanakuja na viti vya kukunja vya bei mbaya alafu vinazama kwenye tope miguu yote minne. Miguuni vaa yeboyebo, matumbawe yanakata.

Kufika ni kuingia Nangurukuru kutoka barabara kubwa ya Dar na Lindi, pale unakata kwenda Kilwa Masoko. Kabla hujashuka ufukweni pitia ofisini uchukue kibali cha kuingia Kisiwani na mtu wa kukuongoza, hili usilikwepe, lile ni eneo la urithi wa dunia tangu 1981 na kuna taratibu zake. Ukimpata muongozaji mwambie mapema kabisa kwamba wewe umekuja kuchora, hutazunguka haraka haraka, utakaa sehemu moja saa mbili, wapange na nahodha, kwa sababu muongozaji aliyezoea watalii wa kupiga picha na kuondoka atakuja kukusimamia mgongoni anahema. Na nahodha mpatane kabisa saa ya kuondoka ni saa ya maji au saa ya kwenye simu, hizo ni saa mbili tofauti, mi zimeshanikosanisha na mtu.

Haya umefika. Usikae. Tembea kwanza na ndoo yako mkononi. Kanuni yangu ni hii, kadiria urefu wa ule mnara kwenda juu, alafu rudi nyuma urefu huo mara tatu au nne. Ukiwa karibu zaidi ya hapo utakuwa unainua kichwa unashusha kichwa, na kila ukiinua unaona jengo lingine. Maji yakiwa yamekupwa unapata hiyo nafasi kwenye tope, yakiwa yamejaa nafasi hiyo iko chomboni tu. Tafuta sehemu unaona kona, yaani pande mbili za jengo kwa pamoja, mmoja una jua mmoja una kivuli. Ukilitazama uso kwa uso linakuwa kama picha ya pasipoti.

Sasa kalia ndoo, na mstari wa kwanza kuchora ni usawa wa jicho lako. Haijalishi hauonekani, uchore mwepesi toka ukingo mpaka ukingo. Ukiwa umekaa chini kwenye ndoo ule mstari uko chini sana, karibu na chini ya ukuta, na hicho ndo kinachofanya Gereza lionekane refu na zito. Mistari yote ya ukuta iliyo juu ya jicho lako, ule ukingo wa juu kabisa, madirisha, inapokwenda mbali inashuka kuelekea huo usawa. Iliyo chini ya jicho inapanda kuelekea hapo hapo. Ukikosea hili jengo linakuwa kama limepigwa teke. Mi kwenye mabango ya saluni nilikuwa nachora viti vimepinda miaka mitatu mizima na wateja wanalipa, mpaka nilipojua hili jambo la usawa wa jicho.

Mstari wa pili ni wa maji. Maji yako wapi sasa hivi, dakika hii, chora, na pembeni andika saa. Baada ya nusu saa hayatakuwa hapo na utaanza kujidanganya. Mstari wa tatu si mstari, ni kivuli, zungushia umbo la kivuli ukutani na chini kama unachora ramani ya wilaya, usikijaze, zungushia tu. Huku kwetu jua linapanda haraka, kivuli cha saa mbili na kivuli cha saa nne ni vitu viwili havijuani, na watu wengi michoro yao inaharibika hapo, kushoto jua la asubuhi kulia jua la mchana, mtu anaangalia anaona kuna kitu hakiko sawa ila hajui nini. Ukishazungushia usibadilishe hata jua likikudanganya vipi. Na kama kuna mashua inapita, acha kila kitu uikamate, mistari mitano tu, mwili, mlingoti, foromali (ule mti unaoshika tanga), tanga, basi.

Hayo yote dakika kumi. Ukimaliza hapo hata maji yakija una kitu cha kwenda nacho nyumbani, kilichobaki ni ziada.

Vipimo sasa. Nyoosha mkono mpaka kiwiko kifunge, funga jicho moja, simamisha penseli, ncha iwe juu ya mnara na kidole gumba kishuke mpaka chini ya mnara. Huo urefu ndo rula yako ya siku hiyo. Geuza penseli ilale uone upana wa jengo unaingiza hiyo minara mingapi. Fanya mara mbili kwa sababu mkono ukikunja kidogo tu kipimo kimekufa. Kila mtu anachora Gereza refu kuliko lilivyo, mimi pia, akili inaona ngome inataka kuirefusha. Ukipima unashangaa kumbe limelala pale ufukweni pana kama mtu mzima kwenye jamvi.

Na hapa ndo penye utamu wa gofu. Ukingo wa juu uliobomoka, usiuchore kama ukuta. Chora mbingu. Yaani angalia ile mbingu inavyoshuka kuingia kwenye mapengo ya ukuta, ina umbo lake, kama karatasi iliyochanwa, chora huo mchano. Ukichora ukuta uliobomoka mkono wako una huruma, unaukarabati bila kujua, unaziba pengo hapa unanyoosha kona pale, ukimaliza una jengo la halmashauri. Ila ukichora mbingu mkono hauna habari na ukuta, unafuata tu, na ukimaliza uvunjaji wote uko pale, ule mkali ulioanguka juzi na ule wa zamani uliolainishwa na mvua. Vivyo hivyo matundu na madirisha, usichore dirisha, chora giza lililo ndani yake. Ule upande wa baharini uangalie kwa makini zaidi kwa sababu bahari imeula. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia, ziliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004 mpaka 2014, wakafanya kazi kubwa ya kuimarisha ndo zikatolewa. Kwaiyo nilivyosema jiwe atasubiri, sawa atasubiri, ila si milele, na mchoro wako wenye tarehe siku moja mtu anaweza kuulinganisha na ukuta.

Ukishapata umbo, finya macho mpaka vitu viwe ukungu. Utaona rangi tatu tu: panapowaka, pa katikati, na pa giza. Laza ile 4B ujaze giza kwanza, ndani ya madirisha, chini ya mikoko, ule upande wa kivuli. Pa katikati pitisha kwa wepesi. Panapowaka acha karatasi, usiguse kabisa. Na mawe? Mawe chora kumi. Kumi tu, weka pale mwanga unapokutana na kivuli maana ndo sehemu pekee ambapo jicho linaona jiwe kweli, kwingine kote mtazamaji atayajaza mwenyewe kichwani, watu hawana kazi.

Kuna mtu atasema lakini wachoraji wakubwa wanakaa pale pale na rangi. Wengine ndio. Ila Turner, yule Muingereza wa kuchora mandhari, alikuwa akisafiri anatembea na vijidaftari na penseli, ngome iliyo ukingoni mwa mto anaichora kwa mistari michache anaenda zake, rangi mara nyingi anaweka baadae akiwa amekaa. Mwaka 1817 alifuata mto Rhine kwa mtindo huo huo na kule ngome zilizobomoka zimejipanga juu ya mto kama vibanda vya stendi. Na kuna hii moja ya Norham, gofu liko juu ya mto Tweed mpakani mwa Uingereza na Skotilandi, aliliona 1797 akiwa kijana wa miaka 22, akalichora kwa penseli, akawa analirudia rudia maisha yake yote mpaka kwenye 1845 hivi akiwa mzee akalipaka tena kwa mafuta, na safari hiyo ngome haina jiwe hata moja, ni umbo la bluu tu kwenye mwanga wa asubuhi, na ng'ombe mmoja anakunywa maji mtoni. Karibu miaka hamsini anakula mtaji wa safari ile ya ujanani. Mi huwa nampenda kwa sababu nyingine pia, baba yake alikuwa kinyozi London na alikuwa anatundika michoro ya mwanae dirishani kwa kibanda chake iuzwe. Saluni na wachoraji ni ndugu toka zamani.

Turudi kwenye maji yetu. Ile njia ya maji kati ya Kisiwani na Masoko wakati mwingine imetulia mpaka unadhani ni mto, na hapo watu wanachora picha ya jengo kwenye maji kwa kuigeuza tu kama kioo cha bafuni. Angalia vizuri. Kilicho cheusi juu kinakuwa hafifu kidogo majini, kilicho cheupe juu kinakuwa kizito kidogo majini, vinakaribiana. Na picha ya kwenye maji inashuka wima kuja kwako, haiendi na mteremko wa jua, kivuli ndo kinafuata jua. Hivyo viwili usivichanganye. Kukiwa na upepo mdogo ile picha inakatika katika vipande vya mlalo na inakuwa ndefu kuliko jengo lenyewe, chora vipande vichache vya kulala uache nafasi kati yao. Kukiwa na kusi hamna picha kabisa, acha karatasi nyeupe na michirizi mitatu, usitie chumvi, maji yana chumvi ya kutosha.

Mikoko chora miguu yake kwanza. Hiyo mizizi inasimama kama watu wameinua suruali wavuke, na ina mstari wa tope unaoonyesha maji yalifika wapi jana. Huo mstari uufuate mpaka ukutani, ukiupatia mtu wa pwani akiona mchoro wako anajua ni saa ngapi.

Kabla hujafunga ndoo, andika. Pembeni ya mchoro, juu ya mbingu, popote. Mi naandika hivi: "saa 3:40, bamvua, kusi kidogo, ukuta wa jua = mkate uliokauka, kivuli = majivu na zambarau, chini pameloa = kahawa". Usiandike kijivu, kijivu ni rangi mia. Yale mawe ni matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, kwa mbali ni meusi kwa mvua za miaka, karibu ni meupe yenye njano, na palipokarabatiwa pana weupe wa mpya unaojitangaza. Usiufiche huo weupe, ndo ukweli wa jengo. Piga na picha ya simu sawa, ya ukumbusho, ila usiifanye bosi. Simu inafanya kivuli kuwa shimo jeusi na inasukuma mnara mbali.

Rangi weka nyumbani au gesti, jioni, chai iko mezani. Na chai hiyo hiyo ndo rangi. Nasema kweli, chai ya rangi isiyo na sukari, nzito, pitisha kwa brashi pana ukuta mzima, ikikauka pitisha tena upande wa kivuli, ikikauka tena ya tatu kwenye madirisha ukichanganya na kahawa. Inatoa rangi ya matumbawe ya zamani ambayo kwenye vile vidonge vya rangi vya watoto huipati. Sukari isiwemo, sisimizi walishanilia mnara mmoja. Bluu ya bahari tumia rangi ya kawaida ya maji, kidogo. Kosa nililofanya sana ni kuchanganyia rangi maji ya bahari kwa uvivu wa kubeba maji ya bomba, mwanzo inatoa vipunje vizuri unaona umegundua kitu, alafu ile chumvi inabaki kwenye karatasi inavuta unyevu wa hewa, wiki mbili mchoro bado uko kama umetoka kulia.

Kuhusu watu. Kisiwani kuna kijiji, si makumbusho yenye geti, watu wanaishi, wanaanika samaki, wanafua. Mtu mzima msalimie shikamoo kabla hujatoa karatasi, na kama unataka kumuweka kwenye mchoro muombe, akikataa chora mtungi wake. Watoto watakuja, watajaa mpaka kivuli chao kinafunika karatasi, dawa yake ni kuja na penseli tatu za ziada na kaunta buku la zamani uwape wachore na wao, na nakuhakikishia kuna mmoja atachora ile minara kwa mistari sita na itakuwa sawa kuliko yako. Usipande juu ya kuta kutafuta pembe nzuri, na vigae na mawe usiokote hata kama ni dogo namna gani, kuna sheria ya mambo ya kale tangu 1964 na hata isingekuwepo.

Ukibakiwa na muda na maji, muongozaji akupeleke Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14, kuna birika la kuogea lenye pembe nane, hilo kulichora ni mtihani mwingine kabisa wa usawa wa jicho, mi sijalipatia bado. Kama uko Mtwara na Kilwa ni mbali kwako, nenda Mikindani, kilomita kama 10 tu. Boma la Wajerumani la 1895 limekarabatiwa vizuri, kwaiyo si gofu tena, lakini nyumba za zamani za mawe pale chini karibu na ghuba zina kuta zilizofunguka zinazotosha kujifunzia huo mchezo wa mbingu. Na sisi wa Lindi tuna mdomo wa mto Lukuledi, vuka kwenda Kitunda ukae upande ule uchore mji kwa mbali na mikoko, hamna ngome lakini maji yake yanafundisha haraka zaidi kwa sababu mto unasukuma huku bahari inasukuma kule.

La mwisho, mchoro usimuonyeshe rafiki yako kwanza, muonyeshe nahodha, pale pale mnaporudi, kabla hata haujakauka. Wa kwangu aliushika kwa ncha za vidole maana mikono yake ilikuwa na mafuta ya injini, akautazama muda mrefu, nikawa nangoja aseme kuhusu minara, maana siku hiyo minara ilikaa. Akaniambia, "Gereza sawa, mwanangu. Ila hii mashua hapa mbele demani umeifunga joshini, hawa watu wako wanazama." Demani ni kamba ya kuvutia tanga, joshini ni upande upepo unakotoka. Nikachukua raba.